Kliniki ya Jumatano Mwanga: waliniuliza kama nalala

Nimekwenda mara saba tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo ninachoandika nimekiona kwa macho yangu. Ni kliniki ndogo ya binafsi hapa Mwanga, Kigoma mjini, ambayo Jumatano inahudumia wanawake tu. Jina silitaji kwa sababu muuguzi mwenyewe aliniomba. Chumba chake ni kimoja, na wakifurika watu hataweza kumsikiliza mtu kama alivyonisikiliza mimi. Anayehitaji kweli aulize kwa wauza vitenge, wengi wetu tunapajua.

Nina miaka 31, nauza vitenge, na nina PCOS. Hapa kwetu wengi tunaiita mvurugiko wa homoni, au tunasema "vivimbe kwenye mayai". Niliambiwa ninayo mwaka 2021, katika kituo kingine. Aliyenipima alitazama altrasaundi, akaandika vidonge, akasema, "Punguza mwili, utazaa tu." Sidhani kama nilimaliza dakika tano mle ndani. Nilitoka na picha ya mawe yamejipanga tumboni, nikaishi nayo miaka minne.

Miaka hiyo nilikunywa kila kitu. Unga wa kusafisha kizazi, mizizi ya kuyeyusha uvimbe, chupa za kahawia ambazo hazikuwa na hata karatasi ya kueleza kilichomo. Kila mwezi nilitoa pesa, na kila mwezi siku zangu hazikuonekana. Lakini lililonitesa zaidi lilikuwa shingo. Shingo yangu kwa nyuma ina weusi mnene, kama kitambaa cha mahameli. Mama mmoja mteja aliwahi kumwambia mwenzake, nikiwa nawapimia kitenge, kwamba wasichana wa siku hizi wanapaka poda usoni na shingo hawaogi. Jioni ile niliingia bafuni na dodoki na jiwe la kusugulia miguu. Nilisugua mpaka maji kwenye karai yakawa mekundu. Kesho yake nilifungua duka nimejifunga mtandio, jua la Kigoma likinichoma juu ya vidonda, na weusi uko palepale.

Ndevu nazo nilikuwa nazinyoa saa kumi na moja alfajiri, kabla mume wangu hajaamka, taa ya bafuni nimezima, natumia mwanga wa simu. Na popote nilipoketi, harusini, kikobani, msibani, swali lilikuwa moja: "Wewe mama nani?" Nilianza kuacha kwenda.

Sasa kliniki yenyewe. Nilikwenda kwa ajili ya hedhi, maana nilikuwa nimekaa miezi mitano bila kuona siku. Mapokezi nitayasema baadaye, yana kasoro. Ndani nilimkuta muuguzi mkunga wa makamo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu ukae." Halafu akauliza, "Unapenda nikuiteje?" Sijui nieleze vipi. Nilishazoea kuulizwa mama nani. Nikataja jina langu, na tangu siku ile ananiita hivyo.

Kabla ya kunipima uzito aliomba ruhusa. "Nikupime leo, au tuache siku nyingine?" Nikasema tuache. Akaacha kweli, wala hakununa.

Kisha akachukua karatasi, akachora. Alinieleza kwamba vile vinavyoonekana kwenye altrasaundi si mawe wala uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Akasema daktari anaangalia mambo matatu: hedhi isiyoeleweka, dalili za homoni za kiume kuzidi kama ndevu na chunusi, na hali ya ovari kwenye picha. Ukiwa na mawili kati ya hayo matatu, na magonjwa mengine yanayofanana yameondolewa, ndiyo PCOS. Utaratibu huo ulikubaliwa na wataalamu huko Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003. Kuhusu shingo, aliigusa kwa kidole, taratibu, akaniambia huo ni mwili unaohangaika na insulini, ile homoni inayosaidia mwili kutumia sukari, si uchafu, na hakuna jiwe litakaloutoa. Na wembe hauongezi ndevu, hilo nalo ni maneno ya watu. Alinionya jambo moja kwa uzito: nisikae zaidi ya miezi mitatu bila kuona siku nikanyamaza, kwa sababu ukuta wa mji wa mimba unaendelea kunenepa, na baada ya miaka hilo linaweza kuleta saratani.

Nilidhani tumemaliza, nikashika pochi. Ndipo akauliza, "Na usiku, unalala?"

Ninakaa Kibirizi. Kwa miezi nilikuwa naamka saa nane usiku, nakaa mlangoni, natazama taa za wavuvi wa dagaa kule ziwani mpaka zinazimika. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilipofungua mdomo nimjibu, sauti haikutoka, yalitoka machozi.

Akainuka, akawasha feni kuukuu iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Niliona ajabu, maana hapakuwa na joto. Baadaye ndipo nilipojua: ukuta wa kile chumba ni mbao nyembamba, na benchi la wagonjwa liko upande wa pili. Feni ndiyo mlango wake wa pili.

Akatoa karatasi ya maswali tisa kwa Kiswahili, akawa ananisomea moja moja. Yote yanahusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya vitu, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa na umeiangusha familia yako. Unajibu kama hapana, siku chache, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. La tisa linauliza kama umewahi kuona afadhali ufe. Nilisema siku chache. Hakushtuka wala hakunihubiria. Aliweka kalamu chini, akasogeza kiti upande wangu wa meza, akauliza kama nimeshapanga namna. Nikamwambia hapana, natamani tu nilale nisiamke. Akauliza nani nyumbani anajua. Nikasema hakuna. Hakukubali niondoke peke yangu. Tulimpigia dada yangu wa Gungu, akaja na bajaji, na nikaambiwa nirudi keshokutwa japo haikuwa Jumatano.

Alama zangu zilikuwa 16 kati ya 27. Alisema kuanzia 10 mtu anahitaji kufuatiliwa, na yangu ilihitaji daktari wa afya ya akili wa hospitali ya mkoa. Moyo ulinidunda, maana kwetu mtu akitajiwa akili anafikiria Mirembe, Dodoma. Akaniambia, "Mwanangu, Mirembe ni hospitali kama nyingine, na waliotibiwa pale wamerudi kwao. Wewe unakwenda hapahapa, na jioni utakuwa dukani." Na ndivyo ilivyokuwa. Natumia kidonge kimoja usiku, na kila baada ya wiki chache nilikuwa narudi kwake kuzungumza. Mwezi wa saba tulirudia yale maswali nikapata 7. Sasa nalala mpaka adhana.

Nitasema linaloniuma. Muuguzi ana kurasa chache za mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia. Umesema wazi kwamba wanawake wenye PCOS wako kwenye hatari kubwa zaidi ya sonona na wasiwasi, na kila mmoja aulizwe habari za akili yake tangu anapogundulika. Na ule wa kabla yake, wa 2018, ulishasema hivyo hivyo. Maana yake 2021, siku ile naambiwa nipunguze mwili, ilikuwa imeshaandikwa kwamba niulizwe kama nalala. Miaka minne nilijua kwamba mimi ni mvivu, mchafu na mke asiyefaa, kumbe ninaumwa vitu viwili vinavyotembea pamoja, na vyote vina matibabu.

Na siko peke yangu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba PCOS inawapata kati ya 8% na 13% ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na hadi 70% yao hawajui kama wanayo. Kikoba chetu kina wanawake 30. Hesabu hiyo inaniambia tuko wawili mpaka wanne, na ninayejisema ni mmoja. Kila Jumamosi nikikaa pale natazama mitandio.

Kasoro. Ya kwanza ni kijana wa mapokezi. Alikuwa anaita kwa sauti, "Wa homoni nani? Aingie!" na benchi zima linageuka. Siku ya kwanza nilikaribia kurudi nyumbani kwa hilo tu. Nililalamika, na tangu nilipokwenda mara ya tano wanatoa namba kwenye kadi, lakini sauti bado haijashuka. Ya pili ni siku moja tu kwa wiki, na majonzi hayangoji Jumatano. Ya tatu, vipimo vya damu huko hakuna, unaandikiwa ukafanye kwingine na bei inakuwa yako. Ya nne ni ule ukuta. Feni inasaidia, lakini umeme ukikatika tunanong'ona.

Mara ya sita nilikwenda na mume wangu. Hakuna utaratibu wa wanaume pale, ila muuguzi alimruhusu. Aliuliza kama naambukiza, akaambiwa hapana. Akauliza kama tutapata mtoto, akaelezwa kwamba wengi wenye PCOS wanapata, wengine bila dawa, wengine kwa dawa ya kusaidia yai kupevuka, na kwamba naye apimwe, mtoto hatafutwi kwa mwili wa mtu mmoja. Njiani kurudi hakusema neno. Usiku akaniambia taa ya bafuni niwe nawasha, nitajikata.

Chakula, kwa wanaoogopa: hakunikataza ugali wala migebuka, na mawese hakuyalaani. Alisema hakuna mlo mmoja ulioonekana bora kuliko mingine kwa PCOS. Nipunguze soda, nitembee, nisikae na njaa halafu nikala kwa hasira.

Kadi ni Sh 5,000 mara ya kwanza tu, na kila ukizungumza naye Sh 10,000. Nawapa nne kati ya tano, ile moja wataipata siku wakijenga ukuta. Wahi saa mbili na nusu asubuhi. Benchi likijaa kuna mwembe nje wenye kivuli kizuri. Mimi narudi Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, nitakuwa na kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, bila mtandio. Ukinikuta, kaa karibu yangu.