Paldo Bibimmyeon: tambi baridi za dakika tatu, na kazi yote iko kwenye sinki

Paldo Bibimmyeon ni pakiti ya gramu 130 yenye vitu viwili tu: kitita cha tambi zilizokwisha kukaangwa kiwandani, na kifuko cha sosi nyekundu. Tambi unazichemsha dakika tatu, unazisuuza kwa maji baridi, unazikamua, unazichanganya na sosi na kuzila baridi. Supu haimo kabisa. Zilianza kuuzwa Korea Kusini mwaka 1984 chini ya Korea Yakult, ambayo mwaka 2012 ilitenga biashara yake ya tambi ikawa kampuni ya Paldo. Kilichozitofautisha na tambi nyingine za pakiti za wakati ule ni sosi ya majimaji badala ya unga wa viungo, na hilo lina sababu: unga unataka maji ya moto ili uyeyuke, ukiumwagia tambi baridi unabaki chengachenga mdomoni.

Anayetafuta naengmyeon, lile bakuli la mchuzi wenye barafu linalosifika Pyongyang, asinunue hii. Hii iko karibu zaidi na bibim guksu, tambi nyembamba za ngano ambazo Wakorea huzichanganya na gochujang siku za joto. Gochujang ni rojo nzito ya pilipili, wali na soya iliyochachushwa. Ndiyo inayoipa sosi rangi na uzito.

Ladha ya kwanza ni utamu, siki inafuata, na pilipili inafika mwisho. Kuna harufu ya tofaa, kisha ya mafuta ya ufuta. Kwa mtu aliyezoea pilipili mbuzi, ukali wenyewe ni wa kawaida sana. Kinachomshtua ni sukari. Ukiona utamu umezidi, usiongeze pilipili, ongeza ndimu. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kwa pakiti kinatosha kuurudisha utamu mahali pake. Chumvi usiiguse, iliyomo kwenye sosi inatosha na kubaki.

Sasa jikoni. Pakiti moja inataka maji mililita 600, yaani vikombe viwili na nusu hivi. Kwa pakiti mbili weka lita moja na robo na sufuria pana. Maji yakiwa machache yanageuka uji, povu linapanda na kumwagika jikoni, na tambi zinatoka zimevaa wanga ambao utausumbukia baadaye. Maji yachemke kwelikweli kabla ya kutia tambi, moto uwe mkubwa, na uzitenganishe kwa vijiti au uma mara tu zinapolegea.

Muda ndipo wengi wanapokosea, hasa waliozoea tambi za supu. Zile za supu huondolewa mapema kidogo kwa sababu zinaendelea kuiva bakulini. Hizi ni kinyume: zikiguswa na maji baridi zinakaza. Tambi iliyotolewa kwenye dakika mbili na nusu, ambayo ikiwa ya moto ingekuwa nzuri, ikipoa inakuwa na kiini kigumu kama uzi wa mpira. Basi dakika tatu ziwe tatu kamili, na sekunde 15 au 20 za ziada hazina madhara. Onja uzi mmoja uliokwisha kuuchovya kwenye maji baridi, siyo uliotoka sufuriani moja kwa moja, maana huo wa moto utakudanganya.

Tunafika kwenye sinki, na hapa ndipo pakiti hii inapopendeza au kuchukiza. Tambi hizi zimekaangwa kwa mafuta ya mawese, na mafuta ya mawese huganda kwa ubaridi. Ukizichota sufuriani na kuzitupa moja kwa moja kwenye bakuli la barafu, mafuta yaliyokuwa juu yake yanagandia palepale, na ukila unasikia utando kwenye kaakaa, kama nta. Halafu watu wanalaumu sosi. Suuza mara mbili. Kwanza mimina tambi kwenye chujio, fungulia maji ya kawaida ya bomba, na uzifikiche kwa mikono miwili kama unayefua kitambaa chepesi, sekunde 30 hivi, mpaka maji yanayotoka chini yasiwe meupe na tambi ziache kuteleza. Wanga na mafuta vinaondoka pamoja. Ndipo uzitie kwenye bakuli la maji na barafu, vipande kumi au kumi na mbili kwa pakiti, uzikoroge, na uziache kama sekunde 30 tu. Zikikaa humo zinakunywa maji.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, bomba halina maji baridi, lina maji vuguvugu, na tangi likiwa juu ya paa mchana ni moto kabisa. Maelekezo ya pakiti hayakuandikwa kwa bomba hilo. Kwa suuzo la kwanza joto hilo halina ubaya, hata linasaidia kuondoa mafuta. Kwa la pili halifai kitu, na bila barafu utapata tambi za joto la chumba zenye sosi tamu, jambo ambalo halina raha yoyote. Kama friji haitengenezi barafu ya kutosha, weka lita moja ya maji kwenye friza saa moja kabla, na bakuli la kulia liweke humohumo. Kifuko cha sosi kiweke kwenye friji ya kawaida, siyo friza. Kikiganda sosi inakuwa nzito, haienei, na nusu yake inabaki ndani ya kifuko.

Baada ya barafu, kamua. Kutikisa chujio hakutoshi, kwa sababu tambi zimejikunja na maji yamekaa katikati ya mikunjo. Zikusanye mkononi, zibane kwa nguvu ya wastani, ziachie, geuza, bana tena. Sosi imepimwa kwa pakiti moja bila akiba, kwa hiyo vijiko viwili vya maji vilivyobaki vinaifanya ipauke na kukusanyika chini ya bakuli. Dalili ya tambi zilizokamuliwa vizuri ni kwamba ukimaliza kula, bakuli lina alama za sosi lakini halina mchuzi wa kunywa.

Kuchanganya ni kwa mkono uliovaa glavu au kwa vijiti viwili, ukiinua kutoka chini. Ufuta uliokaangwa na matone machache ya mafuta ya ufuta yaingie mwishoni. Halafu kula. Ndani ya dakika kumi tambi zinaivuta sosi yote, zinashikana, na ukiinua uzi mmoja linakuja bonge zima. Si chakula cha kubeba kazini kwenye kontena. Anayelazimika abebe sosi mbali, tambi zipakwe mafuta ya ufuta kijiko kimoja cha chai, na maji ya baridi ya kuzigawanya yawepo huko aendako.

Lawama kubwa kwa Paldo Bibimmyeon ni kipimo. Kalori zake ni kama 530, lakini mdomoni ni chache; Wakorea wenyewe wana utani wa muda mrefu kwamba moja haishibishi na mbili zinashinda. Ni kweli. Mbili zina utamu unaochosha kabla ya kufika nusu ya bakuli. Njia ya maana ni pakiti moja na mboga nyingi mbichi: nusu tango lililokatwa njiti nyembamba, kiganja kimoja cha kabichi iliyokatwa nyembamba sana, na yai la kuchemsha lililogawanywa mara mbili. Tango litolewe mbegu, la sivyo linaachia maji na kazi yote ya kukamua inapotea. Karoti inafaa kwa rangi, lakini inaongeza utamu pale ambapo haukuhitajika. Nyanya zisiingie kabisa. Kachumbari ikae pembeni, kwenye sahani yake.

Korea Kusini tambi hizi huliwa sana pamoja na nyama ya nguruwe ya tumbo iliyochomwa, mafuta ya moto yakikutana na siki ya baridi. Kwa asiyekula nguruwe, mishkaki ya ng'ombe yenye mafuta kiasi au nyama choma iliyokatwa vipande vyembamba inafanya kazi ileile, na pengine vizuri zaidi. Kule pia kuna kitafunio cha baa cha konokono wa baharini, golbaengi, kilichochanganywa na sosi ya namna hii na tambi nyembamba. Watu wa pwani wenye pweza aliyechemshwa akalainika wanaweza kupita njia hiyo bila kuomba ruhusa.

Kabla ya kununua, geuza pakiti. Tarehe za Kikorea huandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Pakiti zilizosafiri kwa meli na kukaa rafuni huwa zimebakiwa na muda mfupi, na tambi za kukaanga zikizeeka mafuta yake yanachacha. Kwenye supu ya moto viungo vinaficha harufu hiyo. Kwenye tambi baridi hakuna kinachoificha. Fungua, nusa, ikinuka kama mafuta ya chipsi ya juzi, tupa. Waislamu waangalie mambo mawili: kama pakiti ina alama ya halali, na kama orodha ya viambato inataja nyama au spiriti. Gochujang nyingi za viwandani hutiwa spiriti kidogo ili isiendelee kuchacha, na pakiti za soko moja hazilingani lazima na za soko jingine, hata jina likiwa lile lile.

Wapinzani wake wawili wanafaa kutajwa. Ottogi walileta Jin Bibimmyeon mwaka 2020, gramu 156, yaani wamelijibu moja kwa moja lile lalamiko la kipimo. Sosi yake ina ukwaju, na kwa mdomo wa pwani hilo linajulikana papo hapo: uchachu wake ni mzito, haupigi puani kama siki, na pilipili yake ni kali zaidi ya Paldo. Nongshim wakafuata mwaka 2021 na Baehongdong, yenye tunda la peasi, pilipili nyekundu na maji ya kachumbari ya figili iitwayo dongchimi. Hiyo ina sosi nzito inayoshika tambi vizuri. Kwa anayeanza na anayewalisha watoto, Paldo. Kwa anayekula ukwaju na pilipili kila siku, Ottogi, bila kusita. Nongshim ni nzuri, ila viungo vyake vingi havisikiki ukishatia tango na yai.

Je, ujitengenezee mwenyewe? Ukiwa na kopo la gochujang, ndiyo, na itakuwa tamu kwa kiasi unachotaka wewe. Kwa mtu mmoja: gochujang kijiko kikubwa kimoja na nusu, siki kijiko kikubwa kimoja, sukari vijiko viwili vya chai, sosi ya soya vijiko viwili vya chai, mafuta ya ufuta vijiko viwili vya chai, punje moja ya kitunguu saumu iliyosagwa, na vijiko viwili vikubwa vya tofaa lililokwaruzwa. Koroga, weka kwenye friji nusu saa ili saumu ipoe ukali. Tambi ziwe somyeon, zile tambi nyembamba za ngano za Kikorea, gramu 100. Hizi hazikukaangwa, kwa hiyo hazina shida ya mawese, lakini zina wanga mwingi na chumvi ya kutosha. Maji yakifura sufuriani tia nusu kikombe cha maji baridi, yakifura tena rudia, na kwa dakika tatu na nusu zimeiva. Suuza kwa kufikicha vilevile, safari hii chumvi nayo inaondoka. Kama somyeon hazipatikani, spageti nyembamba kuliko zote inafaa, ikipikwa dakika moja zaidi ya ilivyoandikwa. Tambi za kupikia na sukari na nazi ziache zilivyo. Zinakatika kwenye kufikichwa na sosi inazigeuza mseto.

Wapo pia wanaopenda sosi ya Paldo lakini hawataki tambi za kukaanga. Tangu 2017 kampuni inaiuza sosi hiyo peke yake, na vijiko viwili vikubwa hivi vinatosha gramu 100 za somyeon. Ikishafunguliwa ikae kwenye friji, na kifuniko kipanguswe kila mara, kwa sababu sukari yake inakauka mdomoni mwa chombo na kuziba tundu.

Alama: nne kati ya tano kwa pakiti, mbili kwa maelekezo yaliyoandikwa mgongoni mwake.