Kurekodi kwaya kwa stirio kwenye REAPER: uzoefu wangu, Uyole, Mbeya

Nina miezi mitano narekodi kwaya yetu kwa REAPER, programu ya kurekodi sauti kwenye kompyuta, na kilichonisumbua zaidi ni treki (mstari wa kurekodia) ya stirio, yaani yenye pande mbili, kushoto na kulia. Siku ya kwanza niliwapanga waimbaji vizuri, sauti ya kwanza kushoto, besi kulia, maiki mbili za aina moja mbele yao. Kusikiliza kwa hedifoni, wote wamebanana katikati kana kwamba wanaimba ndani ya debe. Nilirudia Jumamosi mbili nikidhani maiki ni mbovu.

Kumbe treki ilikuwa inapokea maiki ya kwanza tu. Treki mpya huanza na ingizo (tundu la maiki) moja, mpaka uibadilishe mwenyewe. Anzia kwenye mipangilio ya sauti: chagua saundi kadi yako, yaani kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta (kwa Windows tumia ASIO, aina ya draiva ya saundi kadi), hakikisha ingizo 1 na 2 zote zimewashwa. Kisha bofya kwa kulia kile kitufe chekundu cha kuandaa treki kurekodi, chagua stirio, jozi ya 1 na 2. Hapo unapata faili moja lenye pande mbili. Kabla ya kurekodi, mtu akwaruze taratibu maiki ya kushoto. Kwenye treki, kipimo cha sauti cha kushoto peke yake ndicho kinapaswa kupanda. Mimi siruki hatua hiyo tena.

Maiki naziweka kwenye stendi moja, vichwa vikiachana sentimita 17 na kutazama nje kwa nyuzi 110. Vifundo vya kuongeza sauti kwenye saundi kadi viwe sawa, sauti ya juu kabisa isizidi -12 dB kwenye kipimo, maana kiitikio kikiingia watu hupaza. Kwa ubora wa biti 24 na kHz 48, dakika moja ya stirio inakula kama MB 17.

Programu ni nyepesi, laptopu yangu ya zamani inaibeba bila kukwama, na umeme ukikatika betri inaendelea kulisha saundi kadi kwa USB. Mvua kwenye bati ndiyo haina dawa, kwa hiyo masika tunarekodi asubuhi. Unajaribu siku 60 bure; leseni ya mtu binafsi ni dola 60, si malipo ya kila mwezi. Nimelipa kwa moyo mweupe.

Juzi mwalimu wa kwaya alivaa hedifoni, akafumba macho, akanyoosha mkono wa kulia: "Wanaochelewa kuingia ni hawa."