Mbegu za hoho California Wonder, nimezipanda mara mbili hapa Dar, majibu ni haya

Kwanza niseme mi sio mkulima. Nina kauwanja ka nyuma hapa Goba, kakiingia gari moja kamejaa, na ndoo kumi na mbili za lita 20 alizoacha fundi rangi tulipomaliza nyumba, nikaziosha nikazitoboa chini nikasema ngoja nipande hoho maana gengeni bei yake ikipanda inapanda kweli.

Raundi ya kwanza nilipigwa. Duka moja la pembejeo (jina naliacha), jamaa kafungua kopo kubwa kachota mbegu na kijiko kanifungia kwenye nailoni, hoho hiyo dada, California Wonder yenyewe. Nikasia mbegu 40 mwezi wa kumi, zikaota 9. Sawa, nikasema bahati yangu. Katika hizo tisa minne ikaanza kutoa vitu virefu vyembamba, mi najua bado vichanga vitanenepa tu, mpaka mama mkwe alipokuja akachuma viwili akakatia kwenye kachumbari, jamani meza nzima tulitoka machozi, pilipili kali ile! Nikarudi dukani, jamaa ananiambia labda unamwagilia maji mengi dada. Yani maji yageuze hoho iwe pilipili.

Ile mitano iliyobaki ilikuwa hoho kweli ila haikunipa kitu, na hapo kusema ukweli kosa lilikuwa langu. Ilichanua Januari. Kila asubuhi nakuta vimaua vyeupe vimedondoka pembeni ya ndoo na kikonyo chake, nikadhani mdudu, nikapulizia sabuni, nikapulizia na muarobaini, wapi. Kumbe hoho inapenda joto la wastani, nyuzi 20 mpaka 25 hivi, jua likishafika 32 na kuendelea maua yanadondoka yenyewe, na Januari ya Dar mnaijua, hata usiku haupoi.

Raundi ya pili nikanunua pakiti iliyofungwa kiwandani, ina lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe ya mwisho wa matumizi, 3,500. Nikasia Aprili mwanzoni, mbegu 40 zikaota 34, ya kwanza nimeiona siku ya tisa. Mwisho wa Mei nikahamishia kwenye ndoo, mchanganyiko wangu udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri, mche mmoja ndoo moja, iliyobaki nikagawia majirani. Juni na Julai kabaridi kapo, maua yakashika yote! Nimechuma ya kwanza wiki ya pili ya Agosti, siku kama 75 toka kuhamisha, na ndo hivyo hivyo ilivyoandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo hapo hawajadanganya.

Hoho zenyewe ni nene, nyama nyingi, ukikata inalia kwaa, nyingi zina vyumba vinne. Na hapo hapo niwaambie ile meseji ya WhatsApp kwamba yenye vyumba vinne ni jike na yenye vitatu ni dume ni uongo, nimechuma za vitatu na za vinne kwenye mche mmoja.

Kasoro. Mbegu hii sio chotara (yani ile ya kuchanganya aina mbili), ni ya zamani, ipo toka 1928 huko Marekani, kwa hiyo usitegemee zitoke saizi moja kama za supamaketi, za mwanzo kubwa kama ngumi, za baadaye zinapungua. Halafu haivumilii kubahatishiwa maji. Nilienda msibani Tanga siku nne, huku nyumbani wakasahau kumwagilia, wakaja kukumbuka siku ya mwisho wakajaza ndoo mpaka zinamwagika. Wiki ileile hoho sita zikaota doa jeusi chini kwenye kitako, limebonyea kama mtu kaizimia sigara. Watu wakaniambia saga maganda ya mayai, nimesaga, lakini ganda la yai linachukua muda mrefu kuoza, na doa lile ni tunda kukosa kalsiamu, hata hiyo kalsiamu ikiwepo kwenye udongo maji yasipoenda sawasawa haifiki kwenye tunda. Kilichosaidia ni kufunika udongo na nyasi kavu na kumwagilia kila siku asubuhi, kidogo ila kila siku.

Anayeuliza kama zipo nyekundu, ni hizi hizi. Usiichume, iache mche uendelee nayo wiki mbili tatu, itapita rangi moja mbaya ya kahawia (jirani aliniambia dada hoho zako zinaoza), halafu inageuka nyekundu na utamu unaongezeka. Ila ukiziacha nyingi ziive mche unapunguza kuzaa, kwa hiyo mi naacha mbili tatu tu za watoto, wanazila mbichi kama tunda.

Mbegu naipa nyota nne kwa tano. Zile chotara bei yake imechangamka sana, kwa ndoo kumi na mbili sioni sababu. Lile duka la kijiko halipati hata moja. Mche mmoja wa ile pilipili nilihamishia karibu na geti mbali kidogo na hoho zangu angalau kupunguza kuchavushana maana nataka kutunza mbegu, na mama mkwe kila akija anauangalia kwanza kabla hajasalimia.