Uzoefu wangu na The StoryGraph, programu ya kufuatilia usomaji: lengo la kurasa kwa mpenzi wa hadithi fupi

Riwaya nazisoma, lakini nikiachiwa nichague, mkono huenda wenyewe kwenye mkusanyiko wa hadithi fupi. Ndiyo maana malengo ya kusoma ya mwaka yalinisumbua kwa muda mrefu: karibu yote huhesabu vitabu. Mkusanyiko wenye hadithi kumi na tano ni kitabu kimoja. Hadithi moja iliyotolewa peke yake kielektroniki, nayo ni kitabu kimoja.

Hesabu ningeivumilia. Kinachoniuma ni namna inavyoharibu usomaji wenyewe. Mwaka 1842 mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika kuwa hadithi ya aina hii huhitaji nusu saa hadi saa moja au mbili kuisoma. Yaani unakaa, unaimaliza, na nguvu yake inakufikia nzima. Naliamini hilo kabisa, na kwangu lina sehemu ya pili: ukishaimaliza, funga kitabu. Ukiparamia inayofuata papo hapo, wahusika wa ile ya kwanza wanafutika kabla hujajua wamekuachia nini. Chukua Alice Munro, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013 na ambaye karibu kazi yake yote ni hadithi fupi. Hadithi yake ya kurasa thelathini inaweza kubeba umri mzima wa mtu. Utasomaje tatu za namna hiyo usiku mmoja? Lakini Novemba ikifika na lengo la vitabu liko nyuma, wengi ndivyo tunavyosukumwa kufanya.

The StoryGraph, iliyoanzishwa na Nadia Odunayo na kufunguliwa kwa wasomaji mwaka 2019, inakuruhusu kuweka lengo la kurasa badala ya idadi ya vitabu, au la saa kama wewe ni wa vitabu vya kusikiliza. Mimi nimeweka kurasa. Nikisoma hadithi moja jioni naandika nilipofikia, na kurasa hizo zinaingia kwenye lengo hata kama mkusanyiko utabaki kando ya kitanda miezi mitatu. Sina tena sababu ya kuukimbiza. Kila unapoandika ulipofikia unaweza pia kuacha maelezo mafupi, nami hapo huandika jina la hadithi na jambo moja lililonigusa.

Nyota zake za kupimia vitabu pia ni za robo robo, na kwa mikusanyiko hilo lina maana kubwa. Mkusanyiko mara nyingi una hadithi mbili za kukukosesha usingizi na nyingine za kujazia kurasa, 3.75 inausema ukweli huo vizuri kuliko kulazimishwa kuchagua kati ya 3 na 4.

Fahamu tu kwamba kinachofuatiliwa ni kitabu, si hadithi moja moja. Hadithi za majaridani naziorodhesha kwenye daftari, na nadhani ningefanya hivyo hata kama kungekuwa na njia nyingine, maana napenda kuzipitia kwa mwandiko wangu mwisho wa mwaka.

Kwa msomaji wa riwaya tupu, lengo la vitabu linatosha na hana haja ya kuhama. Kwa wa hadithi fupi, naipendekeza bila kusita. Ya bure inatosha. Ya kulipia ina takwimu za ziada kwa wanaozifurahia.