Bima ya afya kwa wastaafu tusio na makazi ya kudumu: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Sehemu iliyonitesa kwenye fomu ya bima haikuwa ile ya magonjwa. Ilikuwa mstari mmoja wa juu kabisa: "Nchi unayoishi." Nilipostaafu, mimi na mke wangu tuliuza nyumba, tukawagawia watoto vyombo, tukabaki na mabegi mawili na mkoba wa dawa. Tunakaa mji mmoja miezi miwili, mwingine mitatu, halafu tunahama kadiri viza na majira yanavyoruhusu. Sasa ni mwaka wa nne. Basi sisi tunaishi nchi gani? Anwani tunayo, ni ya binti yetu mkubwa, barua zetu zote zinapitia kwake. Lakini anwani ya barua si makazi, na jambo hilo nililijua kwa gharama.

Mwaka wa kwanza tulikata bima ya safari. Ilikuwa nafuu, ilipatikana siku hiyohiyo, na ubalozi uliipokea bila swali. Ilitosheleza hata sharti la viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambalo linataka bima isiyopungua euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Nikaona tumemaliza. Mwezi wa saba nikateleza kwenye ngazi zilizolowa mvua, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Nilipigwa picha, nikafungwa plasta, nikalipa mwenyewe, nikatuma risiti. Jibu lilikuja baada ya wiki 5: dai limekataliwa. Mkataba unamlinda mtu anayetoka nyumbani kwake na kurudi nyumbani kwake ndani ya siku 90, na mimi kwenye fomu ya madai nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba hatuna nyumba ya kurudia.

Niliutafuta mkataba, nikausoma upya. Maneno hayo yalikuwepo, ukurasa wa 14, kwa herufi ndogo. Kampuni siitaji jina, kwa sababu kisheria walikuwa sahihi. Ila wakala aliyetuuzia alijua tumeuza nyumba. Nilimwambia mwenyewe, tena mbele ya mke wangu. Alipokea fedha, akatutakia safari njema. Mkono umepona, hilo bado linaniuma.

Naomba nieleze tofauti hii vizuri, maana naona wastaafu wenzangu wengi wanaingia hapohapo nilipoingia. Bima ya safari imetengenezwa kwa mtu mwenye kwao. Kazi yake ni kukutibu mpaka uweze kupanda ndege, kisha ikukabidhi kwa mfumo wa afya wa nchi yako, na huko ndiko matibabu marefu yatafanyika. Asiye na kwao anakabidhiwa kwa nani? Na usidhani nchi uliyofanyia kazi maisha yako yote inakusubiri tu. Huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, NHS, inaangalia kama kweli unaishi kule. Pasipoti peke yake haitoshi, wala kodi ulizolipa miaka 40. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, humpokea mtu akifika miaka 65, lakini nje ya Marekani hailipi isipokuwa katika mambo machache sana. Na ukichelewa kujiunga na sehemu yake ya B, ile inayolipia madaktari na matibabu ya kutolazwa, bila sababu wanayoikubali, unaongezewa asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, na nyongeza hiyo hudumu muda wote utakaokuwa nayo. Ndiyo maana Wamarekani wa umri wetu tunaokutana nao njiani wanaendelea kulipia B hata kama mwaka mzima hawakanyagi kwao. Wanalipia mlango wa kurudia.

Kwa hiyo tulichohitaji ni bima ya afya ya kimataifa, ile inayokulinda mwaka mzima popote ulipo ndani ya eneo ulilochagua. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa, na tumekuwa nayo miaka mitatu. Safari hii sikumwamini wakala kwa mdomo. Niliziandikia kampuni sita barua pepe yenye maswali matatu tu. Je, mnamkubali mtu asiye na makazi ya kudumu katika nchi yoyote, na mkataba wenu unasemaje juu ya neno "makazi"? Je, kuna idadi ya siku ninazopaswa kukaa nchi fulani? Na je, nikishafika umri fulani mtanitoa? Mbili hazikujibu. Tatu zilijibu kwa kuzunguka. Moja ilinijibu kwa sentensi nne, ikaambatisha ukurasa wenyewe wa mkataba na kuupigia mstari: mteja anataja nchi anayotarajia kukaa zaidi katika mwaka wa bima, na akihama anawaarifu. Sharti la siku halipo. Kuhusu umri, mteja mpya wanampokea kabla hajatimiza miaka 75, na aliye ndani anaendelea kadiri anavyolipa. Tulijiunga na hiyo.

Kujiunga kwenyewe kulichukua karibu mwezi, na hapa ndipo penye uamuzi mgumu kuliko wote. Kwa maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, wanakupa njia mbili. Ya kwanza, unajaza historia yako yote ya afya, wanaisoma, wanakuambia mapema nini watalipa na nini hawatalipa. Ya pili, hujazi chochote, ila maradhi yoyote ya miaka ya nyuma hayalipiwi mpaka upitishe miezi 24 mfululizo bila dalili zake, bila dawa zake, bila kumwona daktari kwa ajili yake. Njia ya pili inavutia kwa sababu ni ya haraka. Rafiki yetu mmoja aliichagua. Ana presha, anameza kidonge kila asubuhi, na kidonge hicho ndicho kinachomfungia mlango: kila siku anayokunywa dawa, ile miezi 24 inaanza upya. Akiacha dawa ili muda uhesabike, anahatarisha maisha. Kwa mtu wa umri wetu mwenye ugonjwa wa kudumu, njia hiyo naiona haifai hata kidogo.

Sisi tulijaza yote. Presha yangu waliikubali kwa kuniongezea ada. Goti langu la kushoto walilikataa kabisa, liliandikwa kwenye cheti kwa jina, na kila nikipanda ngazi ndefu nakumbuka. Mke wangu alipita bila kikwazo. Nilikasirika siku ile, lakini angalau najua nimesimama wapi.

Niende kwenye usiku uliotufanya tuendelee nayo. Mwaka wa pili, nchi ambayo lugha yake hatukuijua wala kusoma maandishi yake. Saa nane za usiku mke wangu akaniamsha, maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani, na mwili unawaka moto. Alikuwa amejikunja, hawezi kunyooka. Tukafika hospitali kwa teksi. Mhudumu wa mapokezi alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, kisha akaisukuma mashine ya kadi ya benki juu ya kaunta mpaka ikagusa vidole vyangu. Kwenye skrini kulikuwa na tarakimu nyingi. Sikuhitaji mkalimani kuelewa kwamba bila amana hakuna kitanda.

Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima. Ilipokelewa kabla mlio wa tatu. Dada aliyepokea hakuniuliza namba ya mkataba kwanza, aliuliza, "Mgonjwa anapumua vizuri? Ana fahamu zake?" Kisha jina la hospitali, kisha akasema, "Mzee, mpe simu mhudumu." Akamwingiza mkalimani kwenye simu ileile. Nilisimama pale nikisikiliza sauti tatu nisizozielewa, mkono mmoja umeshika bega la mke wangu. Waliongea dakika kama kumi. Mhudumu akanirudishia simu, akavuta ile mashine ya kadi, akaiweka kwenye droo, akafunga droo. Ningekuwa na nguvu ningelia palepale.

Mke wangu akaingizwa ndani. Barua ya dhamana ya malipo ilifika hospitali baada ya saa moja na dakika arobaini. Niliiona ikitoka kwenye printa, wakaigonga muhuri na kuibana kwenye faili lake. Kipimo cha mawimbi kilionyesha mfuko wa nyongo umevimba na una mawe. Asubuhi walimfanyia upasuaji wa matundu madogo, akalala hospitali siku tatu, akatoka. Tulicholipa ni kile kiasi cha kwanza tulichokubali kubeba wenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa.

Kuhusu kiasi hicho, uliza kinahesabiwa vipi. Kwetu ni kwa mwaka mzima, ukishakilipa umemaliza. Kampuni nyingine kati ya zile sita inakihesabu kwa kila ugonjwa, maana yake ukiugua mara tatu unalipa mara tatu. Kwenye jedwali la kulinganisha bei tofauti hiyo haionekani, na ndiyo iliyokuwa ikiifanya ile nyingine ionekane rahisi.

Usumbufu ulikuja baadaye, kwenye dawa na vipimo vya marudio ambavyo nililipa mkononi. Nilituma risiti, zikarudi: hawawezi kusoma ugonjwa ni upi. Nikaambiwa nitafute tafsiri iliyothibitishwa, na gharama yake ingezidi thamani ya risiti zenyewe. Nilipopiga simu, kijana mmoja wa idara ya madai akanipa njia ambayo nawapa bure: mwambie daktari aandike kwenye risiti alama ya ugonjwa ya ICD. Huo ni mpangilio wa Shirika la Afya Duniani ambao kila ugonjwa una herufi na tarakimu zake, na ni uleule kwa lugha yoyote. Daktari alichukua kalamu, pembeni ya maandishi nisiyoweza kusoma akaandika K80 na K81: mawe ya nyongo, na uvimbe wa mfuko wa nyongo. Risiti zilezile, fedha ilifika baada ya siku 9. Tangu hapo sitoki kwa daktari bila alama hiyo. Presha yangu ni I10, nimeiandika ndani ya jalada la daftari langu la dawa.

Na dawa nazo ziandike kwa jina la asili, yaani la dawa yenyewe iliyomo, si la kiwanda. Jina la kiwanda hubadilika kila mpaka, na mara chache hata jina la asili hutofautiana: parasetamoli ukiwa Marekani utaikuta kwa jina la acetaminophen, na ni dawa ileile.

Yanayonikera yapo. Fungu la dawa za kila siku ni dogo, kwangu huisha mwezi wa tisa na miezi mitatu ya mwisho najinunulia. Meno hayamo isipokuwa ajali. Marekani haimo kwenye eneo letu. Kuiongeza kunapandisha ada kiasi kwamba tuliacha, na kila tukialikwa huko tunakata bima ya muda mfupi ya pembeni. Ada nayo hupanda kila mwaka, na hupanda zaidi ukivuka rika, 65, 70, 75.

Lililomuumiza mke wangu ni la usafirishaji wa mgonjwa kwa ndege. Tulidhani maana yake ni kupelekwa kwa watoto. Sivyo. Madaktari wa bima ndio wanaoamua, na wanakupeleka hospitali ya karibu inayoweza kutibu tatizo lako, hata kama ni nchi ambayo hamna ndugu hata mmoja. Kurudishwa kwenye nchi ya asili ni kipengele tofauti, kinanunuliwa kando. Alipokielewa alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Baba, kinunue." Tumekinunua.

Bima hii naipendekeza kwa mstaafu aliyeuza nyumba kweli, ambaye bado afya yake inamruhusu kupita kwenye lile dodoso, na mwenye akiba ya kubeba kiasi cha kwanza bila kukopa. Kama bado una nyumba, unarudi kila baada ya miezi michache, na nchi yako inakutibu, usiinunue. Bima ya safari ya mwaka inakutosha, ilimradi uhesabu siku za kila safari. Na kama ugonjwa wako mkubwa ndio watakaouandika kwenye orodha ya yasiyolipiwa, kabla hujauza nyumba kaa kitako na wanao mpige hesabu ya gharama za ugonjwa huo peke yake.

Mwezi ujao tunahuisha mkataba. Kwenye mstari wa nchi tutaandika ile tutakayokaa miezi mitano, na nimeshawauliza kwa barua pepe kama hiyo inatosha. Wamejibu inatosha. Jibu nimelichapa, nimelikunja, liko ndani ya pasipoti ya mke wangu pamoja na kadi.