Pilingi, Sindano na Mashine ya Kusugua: Kipi Kinalainisha Uso Bila Leza?

Haya jamani, karibuni tena. Leo nimewawekea mezani vitu mnavyoniuliza kila siku: vya kulainisha uso na kusawazisha rangi bila kupita kwenye leza. Kuna pilingi za asidi, zinazobandua ngozi ya juu, kuna sindano ndogondogo, kuna mashine ya kusugua, na kile kiwembe cha kunyolea vinyweleo. Nitawaambia kipi kinastahili hela yako na kipi ni mbwembwe tu.

Ila kabla sijafungua hata chupa moja, nenda kasimame dirishani mchana na kioo mkononi, mwanga ukupige ubavuni. Ukiona vishimo na mabonde, shida yako iko chini, kwenye kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi. Ukiona ngozi iko tambarare ila ina mabaka ya kahawia pale chunusi zilipopita, shida yako ni melanini, ile rangi ya asili ya ngozi. Hizo ni shida mbili tofauti, na dawa zake hazifanani. Wengi wanaoniambia "nimefanya na sijaona kitu" walikuwa na mashimo wakatibu madoa.

Tuanze na hii. Nasogeza kamera, someni lebo pamoja nami: asidi ya glaikoliki, asilimia 30. Sawa. pH, kipimo cha ukali wa asidi, je? Haijaandikwa popote, nimegeuza chupa pande zote. Hapo mimi naiweka chini. Glaikoliki ndiyo yenye molekuli ndogo kuliko asidi zote za kundi lake, kwa hiyo inapenya haraka, inalegeza kile kinachoshikilia seli zilizokufa juu ya ngozi, zinabanduka. Lakini asilimia peke yake haikwambii ukali. Ikishuka pH, asidi ile ile inakuwa kali zaidi. Jopo la wataalamu wa usalama wa vipodozi Marekani liliweka mpaka kwamba bidhaa ya kujipaka mwenyewe nyumbani isizidi asilimia 10, na pH isiwe chini ya 3.5. Sasa hii ya 30 inauzwa mtandaoni kama losheni ya kawaida! Julai 2024, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo watu wasinunue wala kutumia pilingi za namna hii bila usimamizi wa mtaalamu, kwa sababu zinaunguza. Na glaikoliki haijizimi. Usipoinawa au kuizimua kwa wakati, inaendelea kula.

Ninayoipenda mimi kwa ngozi nyeusi yenye chunusi ni asidi ya salisiliki, asilimia 20 hadi 30, mikononi mwa mtu anayejua kazi. Inapatana na mafuta, kwa hiyo inaingia hadi ndani ya vitundu vilivyoziba. Halafu tazameni hapa shavuni, baada ya dakika chache tu: unaona huu unga mweupe? Watu hushtuka wakidhani ngozi imeungua. Hapana, ni asidi yenyewe, kimiminika kimeruka hewani, chembe zake zimebaki juu, na hapo kazi yake imekwisha. Kama aspirini inakudhuru, usiiguse, ni ndugu wa damu. Wajawazito pia, subirini.

Mwenye ngozi inayokasirika kwa kila kitu, aulize asidi ya mandeliki. Molekuli yake ni kubwa, inaingia polepole. Matokeo yanachelewa, lakini huamki na uso mwekundu.

TCA, yaani asidi ya trikloroasetiki? Hiyo ni ya daktari, nukta. Weupe wake si unga, ni protini ya ngozi imeganda, na ukiifuta haitoki. Kadiri inavyoshuka chini ndivyo ngozi yenye melanini nyingi inavyojibu kwa kutoa melanini zaidi, unaondoka na madoa meusi kuliko yale uliyokuja nayo. Pilingi ya fenoli, asidi nyingine ya kina, ndiyo kabisa, inafanywa moyo wa mgonjwa ukifuatiliwa kwa mashine, maana inaweza kuvuruga mapigo. Ndiyo maana ushauri wangu kwa sisi weusi haubadiliki: pilingi ya juujuu inayorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, kuliko moja ya kina ya kumaliza yote.

Tuje kwenye sindano, maikronidlingi. Huku Afrika ina mwenyewe: Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile kutoka Cape Town, ni mmoja wa waliosukuma mbinu hii miaka ya 1990. Kalamu ya umeme inatoboa vitundu vya kina cha milimita 0.5 hadi 2.5, ngozi inajikarabati kwa kutengeneza kolajeni mpya. Ngozi ya juu haing'olewi, inatobolewa tu, kwa hiyo hatari ya madoa ni ndogo kuliko kwa leza nyingi. Kwa makovu mapana yenye mabonde, mimi naipa nafasi ya kwanza. Subira lazima, kolajeni hujengwa kwa miezi, usiulize wiki ya pili. Yale makovu membamba ya kina, kama yaliyochomwa na msumari, hayaitikii sana. Hayo daktari hudondoshea TCA kwenye shimo lenyewe. Na ukiwa na chunusi mbichi, usichome, utasambaza bakteria.

Sasa demarola ya nyumbani, kile kigurudumu chenye sindano. Hii imeshatumika, nimeiweka chini ya lenzi. Angalia safu ya pili: sindano hii imepinda ncha kama ndoana. Na hata zikiwa mpya, gurudumu linapozunguka sindano inaingia kiupande na kutoka kiupande, inachana badala ya kutoboa. Mimi sinunui tena, na wewe usinunue.

Kuna toleo linaloongeza joto la mawimbi ya redio kwenye sindano. Linakaza ngozi, sibishi, lakini Oktoba 2025 FDA ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta ya usoni na madhara ya neva. Kama huna ngozi iliyolegea, huna haja nalo.

Mashine ya kusugua, yenye fuwele au kichwa cha almasi, inagusa tabaka la juu kabisa tu. Utang'aa kwa harusi ya Jumamosi. Makovu yatabaki pale pale. Kiwembe hivyo hivyo: poda inakaa vizuri, na hapana, vinyweleo havirudi vinene.

Chochote utakachochagua, kwanza simamisha retinoli, ile krimu ya vitamini A, siku chache kabla, na kama umemeza isotretinoini, kidonge cha chunusi, miezi ya karibuni, mwambie daktari. Kama huwa unatokwa na vidonda vya homa mdomoni, sema pia, utapewa dawa ya virusi kwanza. Usibandue magamba kwa kucha! Halafu krimu ya jua, SPF (kiwango cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, kila siku. Mwenye melasma, yale mabaka ya kahawia mapana usoni, achukue yenye rangi, ile yenye oksidi ya chuma, kwa sababu inazuia hata mwanga unaoonekana, na huo nao unachochea madoa kwenye ngozi nyeusi. Nyingi za krimu zisizo na rangi haziuzuii.

Ukifika kwa mtoa huduma, muulize asidi gani, asilimia ngapi, pH ngapi, na omba picha za wateja wenye rangi kama yako, za kabla na za miezi mitatu baadaye. Akikuonyesha za siku ile ile tu, zile za uso bado unang'aa kwa mafuta, mshukuru na utoke.