Kulala Dar wakati wa kaskazi: pangaboi, feni ya maji au AC?

Kama unaishi Dar es Salaam na unatafuta namna ya kupoza chumba cha kulala kabla kaskazi haijakolea, ushauri wangu ni usianze na AC. Shughulika kwanza na dari na madirisha, halafu feni. AC ije mwisho, iwe ndogo na iwe ya inverter, yaani inayopunguza kasi yenyewe chumba kikishapoa. Vyote hivyo tumevitumia kwenye nyumba yetu ya kupanga Tabata, chini ya paa la bati, na tofauti naiona kwenye ngozi ya mtoto na kwenye luku.

Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Dar unafika nyuzijoto 32 au 33, na usiku haushuki sana chini ya 25. Hapo tunazungumzia nje. Ndani ni habari nyingine, kwa sababu bati linashinda juani kutwa, hewa iliyo kati ya bati na dari inapata moto, na isipokuwa na pa kutokea inabaki hapo hapo. Jua likizama, joto lile linaanza kuteremka chumbani. Saa mbili usiku ukisimama juu ya kiti ukagusa jipsamu ya dari kwa kiganja unakuta bado ina uvuguvugu, wakati huko nje majirani wameshakaa barazani wanapunga upepo. Feni ukiiwasha saa hiyo inakurudishia fukuto lile lile.

Mwenye nyumba alikubali, fundi akatoboa juu ya kuta mbili zinazotazamana, usawa wa darini, akaweka matofali ya matundu na wavu ndani yake ili popo wasiingie. Ni kazi ya siku moja na gharama yake haifikii hata robo ya AC. Sasa hewa ya darini inatembea, na jipsamu inapoa mapema zaidi. Pazia la dirisha linalotazama magharibi tumeweka zito, linashushwa kuanzia saa nane mchana. Madirisha yenyewe ni yale ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo siyapendi kabisa kwa mji wa joto: hata ukiyafungua yote, nusu ya dirisha inabaki imezibwa na kioo. Anayejenga sasa hivi afikirie madirisha ya kufunguka nje. Atakuja kunishukuru.

Feni haishushi joto la chumba, na ukiiacha inazunguka chumba kitupu unachoma umeme bure. Kazi yake ni kukausha jasho mwilini, na hapo ndipo unapopata nafuu. Pangaboi letu linakula wati 75 hivi. Ukilala nalo saa tisa, haijafika hata uniti moja. Kwa bei ya uniti ya kawaida, ambayo pamoja na kodi ni kama shilingi 356, ni chini ya shilingi 250 kwa usiku. Sijui kitu kingine cha umeme chumbani chenye faida kubwa hivyo kwa hela ndogo hivyo. Likianza kuzunguka kivivu usikimbilie kununua jipya. Mara nyingi ni kapasita, kile kidude kinachoisaidia mota kuzunguka, imechoka, na hiyo ni ya bei ndogo sana.

Tatizo la pangaboi ni chandarua, na hili wauzaji hawalisemi. Jaribu hivi: chukua kipande cha tishu, kishike juu ya chandarua huku pangaboi likiwa kwenye namba ya mwisho. Kinapepea vizuri. Sasa kiingize ndani, usawa wa mto. Kinatikisika kidogo tu. Vitundu vya chandarua vinazuia sehemu kubwa ya upepo, na mtoto ndiye anayelala pale unapofika kidogo. Wetu alijaa harara shingoni na mgongoni. Kuondoa chandarua si jambo la kufikiria, malaria ipo. Tulichofanya ni kufunga feni ndogo ya kuchaji kwenye nguzo ya kitanda, ndani ya chandarua, upande wa miguuni na mbali na mikono yake. Umeme ukikatika inaendelea kuzunguka, na harara ilianza kukauka ndani ya wiki ile ile. Kwa bei yake, hicho ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote humu ndani.

Feni za maji, zile zenye tangi chini na sehemu ya kuweka barafu, kwa Dar siwezi kumshauri mtu. Zinapoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke unahitaji hewa kavu ya kuupokea. Hewa ya pwani tayari imebeba unyevu mwingi. Shemeji yangu anayo Dodoma, na mwezi wa Oktoba kabla ya mvua inafanya kazi vizuri kabisa, nimelala kwake nikajifunika shuka. Ile ile tuliyoazima huku ilitupa ubaridi wa muda mfupi, kisha shuka zikawa na unyevunyevu na jasho likagoma kukauka. Kama lazima uitumie, fungua madirisha yote. Ukifunga chumba unajitengenezea fukuto jingine.

AC za magurudumu nazo niliziangalia nikaziacha. Zenye bomba moja zinatoa hewa ya chumbani kuipeleka nje, kwa hiyo hewa ya moto inaingia kupitia chini ya mlango kuziba pengo. Kelele yake yote iko ndani na wewe.

Tuliyochukua ni AC ya ukutani ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), inverter. Chumba chetu ni futi 12 kwa 12 na inatosha, ila muuzaji Kariakoo alisisitiza sana ya 12,000. AC kubwa kuliko chumba inafikia ubaridi haraka na kupumzika kabla haijakausha hewa, unabaki na chumba cha baridi lakini chenye unyevu. Tunaiweka 26 pamoja na pangaboi kwenye namba ya chini. Kuiweka 16 hakuharakishi kitu, kunaifanya tu isipumzike. Asubuhi ndoo iliyo chini ya bomba lake nje inakuwa na maji ya kutosha kupigia deki, na ukiyaona hayo maji unaelewa kwa nini usiku ule ulilala: yote yalikuwa kwenye hewa ya chumbani.

Inakula uniti tatu hadi nne kwa usiku, maana yake zaidi ya shilingi elfu moja. Na hapa kuna jambo la kupiga hesabu kabla. Wateja wa matumizi madogo, ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi, wanauziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, wengine ni 292. AC peke yake, usiku kwa usiku, inavuka hizo 75. Ukinunua AC umepandisha bei ya umeme wa nyumba nzima, pasi na friji humo humo.

Siku ya kufunga simama na fundi. Hakikisha anavuta hewa yote kwenye mabomba kwa pampu kabla ya kufungulia gesi. Wa kwanza aliyekuja alitaka kuruka hatua hiyo, tukaachana naye. Vichujio tunaviosha kila baada ya wiki mbili, kwa sababu vumbi la mtaa wetu halina mchezo.

Na kama unapanga na hujui mwakani utakuwa wapi, baki na pangaboi na feni ya kuchaji. Hizo unazifungua jioni moja na kuondoka nazo. AC ukihama nayo utamlipa fundi kuifungua, utamlipa tena kuifunga, na huenda ukajaza gesi upya.